Hela ya utafiti wa pombe vijijini Marekani: inapita wapi mpaka kijiji kinabaki na senti 14

Kuna kijiji kinaitwa Whiteclay, jimbo la Nebraska, mpakani kabisa na South Dakota. Wakazi wake walikuwa kama 12 hivi, yaani ukizihesabu nyumba vidole vinabaki. Ila kulikuwa na maduka 4 ya bia, na kwa mwaka yalikuwa yanauza makopo karibu milioni 4. Sasa watu 12 wanakunywaje makopo milioni 4? Hawakunywa wao. Ng'ambo ya mpaka ndo kuna Pine Ridge, ardhi ya kabila la asili la Waoglala Lakota, ambako pombe imepigwa marufuku, kwaiyo watu walikuwa wanavuka kwa miguu, wananunua, wengine wanamalizia palepale pembeni ya barabara na usingizi unawakuta hapohapo. Ikaenda hivyo miaka na miaka mpaka mwaka 2017 tume ya vileo ya Nebraska ilipokataa kuhuisha leseni zao, maduka yakafungwa mwezi wa 4.

Naanza na Whiteclay kwa sababu ukiielewa hiyo, nusu ya mada hii umeshaielewa. Mchukue mshauri nasaha bora kabisa, mpeleke Pine Ridge ya miaka ile, amkalishe mtu mmoja mmoja ofisini aongee naye vizuri, mtu atoke pale ameamua kabisa kuacha. Jioni anapita wapi? Anapita karibu na makopo milioni 4. Ndo maana kuna watafiti wanaosema dawa ya tatizo la namna hii haiko kwa mtu peke yake, iko kwa duka, polisi, shule, wazazi, wazee wa kabila na viongozi wa dini kwa pamoja, na kwamba huo mchanganyiko unaweza kupimwa kisayansi kama dawa inavyopimwa. Huo ndo utafiti wa hatua za kijamii dhidi ya pombe. Unajaribu kitu kwenye jamii nzima, jamii yenyewe ikiwa jikoni na sio mezani inasubiri kupakuliwa, alafu unapima kama unywaji umepungua.

Na hapo ndo linakuja swali la hela. Nani analipa? Ukisikia serikali ya Marekani imetangaza fungu kwa ajili ya vijiji na jamii za wachache wasiofikiwa na huduma, unapata picha kwamba hela inaenda kijijini. Inaenda, ila inapita kwanza kwenye mabomba mengi, na kila bomba lina umbo lake, na mimi naona hilo umbo la bomba ndo linaloamua nini kitajaribiwa na nini hakitajaribiwa kamwe. Tulifuate taratibu.

Mwenye mfuko

Mlipaji mkuu ni NIAAA, taasisi ya taifa inayoshughulika na matumizi mabaya ya pombe, ambayo ni moja kati ya taasisi 27 na vituo vilivyo chini ya NIH, lile shirika kubwa la utafiti wa afya la serikali. NIAAA ilizaliwa na sheria iliyosainiwa siku ya mwisho kabisa ya mwaka 1970, na aliyeisukuma sheria ile alikuwa seneta wa Iowa, Harold Hughes, jamaa aliyewahi kuwa dereva wa lori, akawa gavana, na alikuwa anasema hadharani kwamba yeye mwenyewe ni mlevi aliyeacha. Kwa siasa za miaka ile kusema hivyo mbele ya kamera haikuwa jambo dogo.

Bajeti ya NIAAA miaka ya karibuni imekuwa kama dola milioni 600 kwa mwaka. Inaonekana nyingi mpaka uilinganishe na NIH nzima ambayo inapita bilioni 45, hapo pombe inapata kama senti moja na ushee kwa kila dola. Na kituo cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilikadiria kwamba kwa miaka 2020 na 2021 unywaji wa kupindukia uliua watu kama 178,000 kila mwaka. Na hizo milioni 600 sio za vijijini, usije ukachanganya, ndani yake kuna utafiti wa ini, wa ubongo, wa panya wa maabara, wa watoto waliodhurika tumboni, wa dawa mpya. Utafiti wa kijamii unagombania fungu na wote hao.

Kuna na taasisi dada inaitwa NIMHD, ya afya ya jamii za wachache na tofauti za kiafya. Ilianza kama ofisi mwaka 1990, ikapanda kuwa kituo mwaka 2000, alafu taasisi kamili mwaka 2010. Miradi mingi ya pombe kwenye jamii za asili inachangiwa na hawa wawili. Na kwa makabila peke yake kuna mpango unaitwa NARCH ambao tofauti yake ni ndogo kwa maneno lakini kubwa kwa vitendo: ombi linaletwa na kabila au shirika la kabila, chuo kinakuja kama mshirika. Kumbuka hicho kitu, tutakirudia.

Neno "wasiofikiwa" nalo lina kesi yake. Marekani kama mtu mmoja kati ya watano anaishi kijijini, lakini kijiji ni nini inategemea unamuuliza nani, idara ya sensa ina mstari wake, ofisi ya bajeti ina mstari mwingine wa wilaya kwa wilaya, na kuna mfumo wa tatu unaoangalia watu wanasafiri kwenda kazini wapi. Mji mmoja unaweza kuwa kijiji asubuhi kwenye fomu moja na mchana sio kijiji kwenye fomu nyingine. Waombaji wenye uzoefu wanajua kuchagua fomu.

Kwanini makabila yanakukagua kabla hujavua viatu

Mwaka 1979 watafiti walienda Barrow, mji wa watu wa asili wanaoitwa Wainupiat, kaskazini kabisa mwa Alaska, siku hizi unaitwa Utqiaġvik. Hela ya mafuta ilikuwa imeingia, ulevi ulikuwa umepanda, viongozi wenyewe walitaka msaada. Watafiti wakahoji watu 88, wakaandika ripoti, alafu matokeo yakatangazwa kwa waandishi wa habari mbali kule mashariki mwa nchi, na magazeti makubwa yakabeba habari kwamba Waeskimo wanaangamia kwa pombe. Watu wa Barrow wakajisoma gazetini. Hebu fikiria mtu amekuja kwako, umempa chai, umemjibu maswali ya aibu ya mdogo wako aliyekufa kwa kunywa, kesho yake familia yako ni kichwa cha habari ya taifa. Hasira ile haijaisha, hadi leo kisa cha Barrow kinafundishwa kwenye madarasa ya maadili ya utafiti.

Alafu kikaja kisa cha kabila la Wahavasupai, Arizona. Walitoa damu wakijua ni kwa ajili ya kisukari, baadae wakagundua damu ileile imechunguzwa mambo mengine kabisa, ikiwemo ugonjwa wa akili na asili ya uhamaji wao. Chuo kilichochukua damu ile kiliwalipa dola 700,000 mwaka 2010. Wanavajo, kabila lingine, wao walishajiwekea bodi yao ya kupitisha utafiti tangu mwaka 1996 na mwaka 2002 wakasimamisha kabisa utafiti wa vinasaba kwenye ardhi yao.

Kwaiyo leo mtafiti wa pombe akitaka kufanya kazi na kabila anaweza kupita kwenye bodi ya maadili ya chuo, bodi ya maadili ya kabila, azimio la baraza la kabila, na makubaliano ya nani anamiliki data. Mabaraza yana uchaguzi, wakati mwingine uliyesaini naye jana leo ametoka. Kwa mtazamo wangu hii sio urasimu, ni watu waliojifunza kwa kuumia. Ila angalia inavyogongana na saa ya mfadhili: toka unatuma andiko la kuomba hela mpaka hela kuingia ni miezi tisa, kumi hivi kama mambo yameenda vizuri, ukikosa unarekebisha unatuma tena, hapo miaka miwili imekata na kule kijijini wanakuuliza vipi ile kitu yako imeishia wapi. Na ukiongeza kwamba tangu tarehe 25 Januari 2023 NIH inataka kila mradi uwe na mpango wa kutunza na kushirikisha wengine data, unaona kabila linaambiwa tunakuheshimu alafu hapohapo linaulizwa data itawekwa wapi wengine waione. Makabila yana haki ya kujadiliana juu ya hilo, lakini kujadiliana ni muda, na muda kwenye granti, yaani ile ruzuku ya utafiti, ni mshahara wa mtu.

Alaska hiyohiyo ndo imetoa jibu zuri kuliko yote, na nalipenda sana hili. Miaka ya 1990 watu wa asili wa Alaska waliposhirikiana na watafiti wa chuo kikuu cha huko, walisema hivi: mmetuandika ulevi wetu vya kutosha, sasa tuandikeni tuliowahi kunywa tukaacha na tusiokunywa kabisa, mtuulize tumewezaje. Ukaanza mradi wa People Awakening, wakakusanya simulizi za maisha za watu wasiokunywa. Na sio kwamba walikuwa wanatafuta sindano kwenye majani. Kinyume na ile hadithi kwamba damu ya mtu wa asili haivumilii kilevi, tafiti za kitaifa zimeonyesha wasiokunywa kabisa ni wengi zaidi kwa watu wa asili kuliko kwa wazungu, tatizo ni kwamba wanaokunywa baadhi yao wanaumia vibaya sana.

Kutokana na simulizi zile ikazaliwa programu ya vijana kwenye vijiji vya Wayup'ik, inaitwa Qungasvik, maana yake sanduku la vifaa. Ndani hakuna mabango ya "pombe ni mbaya". Kuna wazee wanawafundisha vijana kuwinda, kuvua, kusafiri juu ya barafu bila kufa, na katikati ya hayo yanajengwa yale wanayoyaita sababu za kuishi. Na kila kijiji kinachagua vifaa vyake toka kwenye sanduku.

Sasa wewe ni mhakiki wa NIH uko kwenye kiti chako, umeletewa hilo andiko. Unauliza, mwongozo uko wapi? Somo la tatu linafanana kijiji A na kijiji B? Hapana, kijiji A walienda kuvua, kijiji B barafu ilikuwa mbaya wakakaa ndani wakasimuliana. Kwa macho ya maabara hiyo ni fujo. Ilibidi watafiti wale wajenge hoja kwamba kinachotakiwa kufanana ni kazi ya somo, sio sura yake, na wakatengeneza vipimo vya kuthibitisha hilo, na hiyo ni miaka mingi ya granti juu ya granti. Swali langu ni vijiji vingapi vina mshirika wa kuwavumilia hivyo.

Mlango wenyewe

Granti za NIH zina majina kama namba za magari. R01 ndo kubwa, hadi miaka 5, na ukitaka kuomba dola 500,000 au zaidi kwa mwaka za gharama za moja kwa moja lazima uombe ruhusa kwanza. R21 ni ya wazo jipya, dola 275,000 kwa miaka miwili. R34 ni ya kujiandaa na jaribio, kwa kawaida dola 450,000 kwa miaka 3. Ukiangalia R34 unaona inadhani miaka 3 inatosha kuunda kitu, kukijaribu kidogo na kuwa tayari kwa R01. Kwa kliniki ya mjini inatosha. Kwa kabila, mwaka wa kwanza wote unaweza kuishia kwenye vikao na chakula, na vile vikao ndo kazi yenyewe, ila kwenye ripoti vinaonekana kama umechelewa kuanza.

Andiko linasomwa na jopo la wanasayansi, wanatoa alama 1 hadi 9, moja ndo nzuri, wastani unazidishwa kwa kumi kwaiyo mwisho unapata 10 hadi 90. Karibu nusu ya maandiko hayajadiliwi hata, yanarudi na maoni ya maandishi tu. Toka Januari 2025 wamerahisisha vigezo vikawa makundi matatu: umuhimu, ubora wa mbinu, na uwezo wa watu na mazingira. Hicho cha tatu walikiondolea alama ya namba, unaonwa unatosha au hutoshi, na nadhani ni nafuu kwa vyuo vidogo maana zamani jina kubwa la chuo lilikuwa linakubeba. Ila mbinu bado ina namba, na hapo ndo vijiji vinaangukia.

Kwanini? Hesabu. Ngoja niieleze maana wengi wanaisikia wanaona ni uchawi wa watakwimu. Tufanye una vijiji 6, kila kimoja vijana 50, jumla 300. Vijiji 3 vinapata programu, 3 havipati. Unadhani una ushahidi wa watu 300. Huna. Vijana wa kijiji kimoja wanafanana, duka moja, sherehe moja, polisi mmoja yuleyule anayejifanya haoni, kwaiyo ukishamjua mmoja umeshamjua mwenzake kidogo. Ukiweka kufanana kwao ni 0.05 kwenye kipimo cha 0 hadi 1, ambako ni kudogo tu, kanuni inasema chukua 1 ujumlishe wenzake 49 mara 0.05, unapata 3.45, gawanya kwa hiyo, wale 300 wanabaki kama 87. Unaenda kwa mhakiki na watu 87. Anakwambia ongeza vijiji. Uongeze vipi na lugha ile inazungumzwa kwenye vijiji vichache tu, tena vya kufikiwa kwa ndege ndogo? Mjini Chicago ungeongeza shule 20 ukiwa umekaa. Ndo nasema umbo la bomba, watu walio wachache wanaadhibiwa kwa kuwa wachache na hakuna mtu yeyote mbaya aliyekusudia.

Na bado hujaviambia vile vijiji 3 kwamba nyie mko kundi la kulinganisha hampati kitu. Siku hizi wengi wanatumia mpango wa zamu, kila kijiji kinapata ila kwa kupishana, anayesubiri ndo anakuwa kipimo cha aliyeanza. Inasaidia, ila inarefusha mradi, na mradi mrefu unataka hela ndefu.

Sasa hela yenyewe. Nipige hesabu ya kubuni, mwaka wa pili wa mradi. Gharama za moja kwa moja dola 500,000. Ndani yake shirika la kijijini limepewa mkataba mdogo wa dola 100,000, nyingine 400,000 zinabaki chuoni: mtafiti mkuu, mtakwimu, wanafunzi, safari. Chuo kina gharama zake za uendeshaji, majengo, umeme, wahasibu, bodi ya maadili, na zimejadiliwa na serikali kwa asilimia, vyuo vingi ni 50 na kitu, wengine wanakaribia 70. Tuseme 55. Zile 400,000 zinazaa nyingine 220,000 juu yake. Jumla serikali imetoa 720,000. Shirika la kijijini limepata 100,000 ndani ya 720,000, yaani senti 14 kwa kila dola, na ndani ya hizo senti 14 ndo litoe gharama zake lenyewe za uendeshaji. Shirika lisilo na asilimia iliyojadiliwa linaruhusiwa kiwango cha kawaida, zamani 10, toka Oktoba 2024 ni 15. Ukiitoa hiyo zinabaki kama 87,000. Hapo mratibu mmoja, bima yake, nusu ya mshahara wa msaidizi, mafuta ya gari, basi.

Sisemi chuo kinaiba. Bodi ya maadili ni gharama ya kweli, mhasibu anayejua sheria za serikali kuu ni gharama ya kweli. Nasema tu kwamba kijiji ndo kilipewa jina kwenye kichwa cha andiko.

Mbona basi shirika la kijijini lisiombe lenyewe? Linaruhusiwa. Ila linahitaji namba ya utambulisho, usajili kwenye mfumo wa serikali unaoitwa SAM unaotakiwa kuhuishwa kila mwaka, akaunti kwenye mfumo wa NIH wa kielektroniki, mtu wa kusaini, mfumo wa uhasibu unaotenganisha kila dola, na likitumia dola milioni 1 za serikali kuu kwa mwaka linafanyiwa ukaguzi maalum. Alafu kuna jambo ambalo halisemwi sana: kwenye mkataba mdogo mara nyingi unatumia kwanza alafu unadai urudishiwe. Chuo kikuu kikisubiri siku 60 hakuna anayeshtuka. Shirika la watu wanne lenye akiba ya mwezi mmoja likisubiri siku 60, mratibu ameshatafuta kazi nyingine, na mratibu huyo ndo alikuwa anajua nyumba ya nani igongwe saa ngapi. Ndo maana nilikwambia kumbuka NARCH, pale kabila ndo linashika mpini. Mwaka 2023 NIH ikaanzisha na mpango wa ComPASS uliotoa hela moja kwa moja kwa mashirika ya jamii. Naona ndo njia, ingawa huo haukuwa wa pombe peke yake.

Ilivyofanya kazi ilipofanya kazi

Ili usidhani haya yote ni malalamiko. Vijijini Georgia, familia za Wamarekani weusi, kuna programu ya Strong African American Families iliyojaribiwa kwa hela ya NIAAA. Wiki 7, mtoto wa miaka 11 anakuja na mlezi wake, saa moja mzazi kivyake na wazazi wenzake, mtoto kivyake na watoto wenzake, alafu saa nyingine wanakaa pamoja. Wanaoongoza ni watu weusi wa palepale. Mada sio pombe tu, ni kufuatilia mtoto yuko wapi, kumsifia, kumweleza ubaguzi atakaokutana nao na namna ya kusimama. Walipofuatiliwa, watoto wa programu walichelewa kuanza kunywa na walikunywa kidogo kuliko wa kundi la kulinganisha. Ni rahisi kuandika hivyo. Ila familia vijijini ije jioni mara 7 inahitaji usafiri, mtu wa kushika mtoto mdogo, na chakula maana mama ametoka kazini. Ukifuta sahani ya chakula kwenye bajeti umefuta mradi wako, na chakula ndo mstari wa kwanza ambao mkaguzi wa gharama anauwekea alama ya kuuliza.

Oklahoma, kwenye miji midogo ya Taifa la Cherokee, kabila la asili, walijaribu vitu viwili kwa wanafunzi wa sekondari. Kimoja, wananchi wanajipanga kubana watu wazima wanaowauzia au kuwapa watoto pombe. Cha pili, mtaalamu shuleni anaongea na kila mwanafunzi mmoja mmoja kwa muda mfupi. Matokeo yakatoka mwaka 2017, kila kimoja kilipunguza unywaji kwa kiasi kinachokaribia robo. Cha kushangaza, walipovichanganya havikuzidi, faida haikujumlishana. Mimi matokeo kama hayo nayaamini zaidi, maana mtu anayetaka kupendeza angetamani mchanganyiko ushinde.

Na kuna la zawadi, ambalo watu wakilisikia wanacheka. Watu wazima wa asili wenye uraibu wa pombe, mara mbili kwa wiki kwa wiki 12 wanakuja kutoa mkojo, kipimo kinaona pombe ya siku chache zilizopita, ukiwa safi unaingiza mkono kwenye bakuli unachota vipande vya karatasi. Kwa kawaida bakuli la namna hii nusu ya vipande vimeandikwa hongera tu, vingine zawadi ndogo, vichache kubwa. Jaribio hilo lilichapishwa mwaka 2021 likiwa na washiriki 158, na vipimo safi vilikuwa karibu 6 kati ya 10 kwa waliochota dhidi ya karibu 4 kati ya 10 kwa waliopewa zawadi bila kujali kipimo. Na jamii zilikaa kwanza zikaamua zawadi ziweje, kuna sehemu vifaa vya uvuvi vina maana kuliko kadi ya duka.

Alafu granti ikaisha, na hapa ndo kuna fundo ambalo wengi hawalijui. Hela ya utafiti na hela ya huduma ni mifuko miwili tofauti. Utafiti unatoka NIH, huduma nyingi zinatoka SAMHSA, shirika la serikali la huduma za uraibu na afya ya akili. Na SAMHSA ilikuwa na sheria kwamba mgonjwa asipewe motisha inayozidi dola 75 kwa mwaka. Yaani serikali mkono wa kushoto imelipa mamilioni kuthibitisha zawadi inafanya kazi, mkono wa kulia unakwambia zawadi yako mwisho dola 75. Januari 2025 ndo wakapandisha hadi dola 750.

Mwezi uliofuata mambo yakageuka. Tarehe 7 Februari 2025 NIH ikatangaza gharama za uendeshaji za vyuo vyote mwisho asilimia 15, mahakama ikazuia. Zikaanza kufutwa granti kwa mamia, nyingi zikiwa zile zenye maneno kama jamii za wachache na usawa wa kiafya. Juni jaji wa Boston akasema ufutaji ule ni kinyume cha sheria, Agosti Mahakama ya Juu ya nchi kwa kura 5 kwa 4 ikaruhusu ufutaji uendelee wakati kesi inasikilizwa, wanaodai hela wapeleke madai mahakama nyingine. Katikati ya hapo bajeti iliyopendekezwa na rais kwa mwaka 2026 ilitaka NIAAA iunganishwe na taasisi za madawa ya kulevya na afya ya akili iwe kitu kimoja, na NIMHD ifutwe kabisa.

Kuhusu ile asilimia 15 nilisikia watu wakishangilia, eti sasa vijiji vitapata. Rudi kwenye hesabu yetu. Ukishusha 55 kuwa 15, zile 220,000 zinakuwa 60,000, lakini zile 160,000 zilizookolewa haziendi kijijini, mkataba mdogo ni uleule wa 100,000. Kilichobadilika ni kwamba chuo sasa hakina wa kumlipa yule mhasibu aliyekuwa analisaidia shirika la kijijini kujaza madai yake ya kila mwezi. Ili kijiji kipate zaidi lazima mtu aandike mstari mwingine kwenye bajeti, wa mratibu wa pili, wa gari, wa sahani za jioni, na lazima mhakiki asiukate.